Msilizime Tanuri: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo vya Sanaa

Kwa wakuu wa vyuo vya sanaa, wajumbe wa mabaraza ya vyuo, na ninyi nyote mnaopitisha bajeti za karakana,

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mfinyanzi. Natengeneza bakuli, mitungi na vyombo vingine ambavyo havina jina wala kazi maalumu, kimoja kimoja, kwa mkono, na kuvichoma mwenyewe. Nawaandikia kwa sababu ya tanuri moja lililozimwa, na kwa sababu ya mengine ambayo bado yanawaka lakini yameshaingizwa kwenye orodha zenu za mambo ya kupunguzwa.

Chuo nilichosoma, ambacho jina lake naliacha, kilifunga karakana ya udongo miaka michache iliyopita. Hapakuwa na ugomvi. Ilitoka barua ya ukurasa mmoja iliyozungumzia matumizi bora ya nafasi. Kozi ya ufinyanzi ikamezwa na kozi ya sanaa kwa jumla, magurudumu yakauzwa, na fundi wa karakana akaelezwa kwamba mkataba wake ukiisha basi. Nilipopita pale baadaye nilikuta tanuri kubwa bado lipo, kwa kuwa lilikuwa zito mno kulihamisha. Ndani yake wamepanga maboksi ya karatasi za printa. Nikasogeza boksi moja. Kwenye rafu ya chini palikuwa na tone la kijani limegandia, tone la glezi, yaani ile ngozi ya kioo inayovishwa chombo kabla ya kuchomwa mara ya pili. Nililitambua. Lilichuruzika kutoka kwenye bakuli langu mwenyewe, mwaka wa pili, nilipoipaka nene kupita kiasi, na fundi alinisimamia nikalisugua kwa patasi hadi mikono ikaniuma bila kulimaliza.

Nilirudisha boksi mahali pake nikaondoka. Tangu siku ile nimekuwa nikiitunga barua hii kichwani.

Najua hoja zenu, na nitazifikia. Kwanza naomba niwaeleze nini hasa kinafundishwa kwenye karakana ya udongo, maana nahisi wengi wenu mmeiona kwenye jedwali la gharama tu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka. Nilifinyanga mtungi wenye tumbo nene, nikauweka rafuni siku nne, nikaona umepauka, nikaubeba kuupeleka tanurini. Fundi akanisimamisha mlangoni.

“Umekauka?”

“Umekauka, Fundi.”

“Hebu uweke shavuni.”

Nikauweka. Ulikuwa wa baridi kama ukuta wa alfajiri.

“Huo bado una maji,” akasema. “Mkavu hauna baridi. Ukiutia leo, kesho utaokota magae, yako na ya wenzako waliokaa jirani nao.”

Maji yanapoendelea kutoka kwenye udongo hupoza uso wake, ndiyo maana shavu huyasikia hata pale jicho linaposhuhudia ukavu. Yakikutwa na moto ndani ya ukuta mnene, yanageuka mvuke, mvuke unakosa njia, na chombo kinapasuka kwa kishindo. Hata yakitoka hayo, yapo mengine yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, ambayo huanza kutoka joto likikaribia nyuzi 500 za Selsiasi. Kisha karibu na nyuzi 573 chembe za kwatzi, madini magumu yaliyomo pia kwenye mchanga, zilizomo kwenye udongo hubadilika umbo ghafla na kutanuka, na wakati wa kupoa hurudi kama zilivyokuwa. Anayelipitisha tanuri hapo kwa pupa, kwenda au kurudi, hukuta ufa mwembamba kama unywele. Yote haya yamo vitabuni, na vitabu nilivisoma. Lakini leo, miaka mingi baadaye, kila mtungi ninaoutia motoni hupita kwanza shavuni.

Huyo fundi hakuwa profesa. Kwenye karatasi zenu aliandikwa kama mfanyakazi wa huduma. Wakufunzi walikuja na kwenda, wengine wazuri sana, lakini yeye ndiye aliyejua kwamba kona ya nyuma ya tanuri la gesi ni baridi kuliko mbele, kwamba udongo wa mfuko mpya una mchanga kuliko ule wa zamani, kwamba kishindo fulani cha kichomeo ni dalili ya hewa kupungua. Vyuo vingi vinapopunguza matumizi huanza na mtu wa aina yake. Huacha vifaa na kumwondoa anayeviweka hai, halafu baada ya miaka miwili wanashangaa vifaa havitumiki.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya shaba nyekundu. Shaba ni kitu cha ajabu. Tia kidogo tu kwenye glezi, choma kwa hewa tele, utapata kijani. Chukua glezi ileile, uinyime moto hewa, na moto wenye njaa ya oksijeni utainyang'anya shaba oksijeni yake. Chombo kitatoka chekundu kama damu ya ng'ombe. Wachina waliimudu rangi hiyo karne nyingi zilizopita, na hadi leo inawatoa jasho wafinyanzi wenye vipimo vya kila aina. Tulikuwa wanafunzi sita. Tulikaa na tanuri tangu asubuhi, tukiandika joto kila nusu saa. Jioni fundi akatuonyesha namna ya kusukuma kibamba cha bomba la moshi, kidogo kidogo, hadi ulimi wa moto ukachomoza kwenye tundu la kuchungulia, wa kijani ukingoni, laini, ukipepea kama kitambaa. Karibu na nyuzi 1,280 alinipa miwani nichungulie zile koni ndogo za udongo zinazoinama joto likitimia. Ya kwanza ilikuwa imelala kabisa. Ya pili ilikuwa inaanza kuinama, taratibu, kama mtu anayesinzia ibadani. Tulizima usiku. Tukasubiri karibu siku mbili bila kufungua, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu kubwa. Vyombo 11 vilitoka vyekundu. Vilivyobaki vilikuwa na rangi ya ini na majivu, na tulijifunza zaidi kutoka kwa hivyo vilivyoharibika.

Sasa kuna hoja kwamba maarifa haya yanapatikana kwingine, kwamba mtu mwenye kiu atayatafuta. Naomba tuitazame historia ya ufinyanzi wa karakana kwa karne moja hivi iliyopita, tuone yalivyosafiri.

Mwaka 1920 Bernard Leach, Mwingereza aliyejifunza udongo Japani, alifungua karakana huko St Ives, Uingereza, akiwa na mfinyanzi wa Kijapani Shoji Hamada, ambaye mwaka 1955 Japani ilimtangaza Hazina Hai ya Taifa, heshima inayopewa mabingwa wa sanaa za jadi. Miaka mitatu baada ya kufunguliwa, Michael Cardew aliingia pale kama mwanafunzi. Cardew alikuja kufanya kazi Afrika Magharibi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja, mji wa zamani ambao leo unaitwa Suleja, Nigeria. Mwaka 1954 akajiunga Ladi Kwali, mwanamke wa kwanza pale.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hadithi hii mara nyingi husimuliwa vibaya. Ladi Kwali hakuja kituoni kufundishwa ufinyanzi. Aliufahamu tangu utotoni, kwa shangazi yake, na mitungi yake ilikuwa imeshaingia kwenye kasri la Emiri, mtawala wa Abuja, kabla Cardew hajamfahamu. Alikuwa akijenga mtungi kwa kamba za udongo huku yeye mwenyewe akiuzunguka, kinyumenyume, mwili wake ndio gurudumu. Kisha akichora mijusi, mamba na samaki kwa kukwaruza. Kilichoongezwa kituoni ni tanuri la joto kali na glezi. Mtungi wa maji wa kawaida hutoa jasho, ndiyo siri ya kupoza maji. Ukiuvika glezi na kuuchoma hadi ugumu wa jiwe, hautoi jasho tena, na hapo umekuwa kitu kingine, kitu cha kutazamwa. Ladi Kwali alikubali badiliko hilo bila kuacha hata mstari mmoja wa mkono wake. Leo yuko kwenye noti ya naira 20 ya Nigeria, pamoja na mtungi wake.

Katikati ya miaka ya 1970 alifika Abuja kijana mmoja kutoka Kenya aliyekuwa akisoma Uingereza. Magdalene Odundo alikuwa amekwenda kusomea sanaa ya matangazo, udongo ukamteka chuoni. Pale Abuja akakaa na Ladi Kwali na wanawake wenzake akiangalia mikono yao. Vyombo vyake vya leo havina glezi hata tone. Anavijenga kwa mkono, anavisugua hadi ving'ae, na kuvichoma: mara moja kwa hewa huwa vyekundu vya machungwa, mara nyingine kwa moshi huwa vyeusi. Shingo zake huinama kama watu wanaosikiliza. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa heshima wa chuo kikuu cha sanaa ambacho ndani yake mna kile chuo cha Farnham alikosomea.

Hesabuni wenyewe. Japani, St Ives, Abuja, Farnham. Kila kituo kilikuwa na tanuri linalowaka, na mtu mmoja aliyemruhusu mwingine asimame karibu na kutazama. Toeni kituo kimoja tu hapo katikati, mniambie nani angemuunganisha Ladi Kwali na Magdalene Odundo.

Mfano mwingine haukuanzia hata chuoni. Lucie Rie, Myahudi wa Vienna, alikimbilia London mwaka 1938, na wakati wa vita akajikimu kwa kutengeneza vifungo vya nguo vya kauri. Mwaka 1946 akabisha hodi Hans Coper, mkimbizi mwenzake, akitafuta kibarua cha vifungo. Hakuwa ameshika udongo maishani. Tanuri lilikuwepo, na mwenye tanuri alikuwa na moyo wa kufundisha. Baada ya miaka michache Coper alikuwa miongoni mwa wafinyanzi wakubwa wa karne yake. Huwa nafikiria: kama karakana ile ingekuwa imefungwa kwa sababu vifungo havilipi, je?

Na Toshiko Takaezu, mfinyanzi wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Princeton miaka 25. Vyombo vyake aliviziba juu, akiacha kitundu tu cha kutolea hewa, na kabla ya kuziba alidondosha ndani kipande cha udongo kilichofungwa kwa karatasi. Karatasi iliungua tanurini, kipande kikabaki huru, na ukikitikisa chombo kinalia. Mwanafunzi hupata vipi wazo la kusikiliza chombo, kama hajawahi kukaa mahali ambapo vyombo vinagongwa, vinabebwa na kutikiswa kila siku?

Jambo linalonisikitisha zaidi ni majira. Udongo haujawahi kuheshimiwa na ulimwengu wa sanaa kama unavyoheshimiwa sasa. Grayson Perry, mtu wa vyungu, alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2003. Simone Leigh, aliyeanzia kwenye udongo, alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, mwaka 2022. Majumba ya sanaa yanashindana kununua. Ninyi pia mnaweka picha za kauri kwenye vipeperushi vya kuvutia wanafunzi. Na katika miaka hiyohiyo Uingereza, nchi walikofanyia kazi Leach na Rie, imefunga kozi kadhaa za shahada za ufinyanzi. Tunavuna shamba ambalo tumeacha kulipanda.

Nije kwenye hoja zenu.

Gharama ni za kweli, sitazibeza. Tanuri linakula umeme au gesi. Lakini tanuri lililojaa na tanuri lililo nusu tupu hutumia karibu nishati ileile. Penye fundi mwenye ratiba nzuri hakuna uchomaji wa vyombo vitatu. Vyuo viwili vilivyo jirani vinaweza kutumia tanuri moja kubwa kwa zamu. Hilo sijaliona likijaribiwa kabla ya uamuzi wa kufunga, na ningependa kulisikia likijadiliwa kwa dhati.

Afya nayo ni hoja nzito kuliko mnavyoisema. Vumbi la udongo lina silika, na silika ikiingia kifuani miaka kwa miaka huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu ambao hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Sakafu ya karakana haifagiliwi kwa ufagio mkavu, hupigwa deki. Glezi kavu haichanganywi bila barakoa. Tanuri halichomwi bila njia ya kutoa hewa chafu. Aliyetufokea kila siku kuhusu mambo hayo ni nani? Ni yuleyule fundi. Karakana hatari ni ile iliyoachwa bila mtu wake.

Kuna wanaosema vijana siku hizi wana studio za kulipia kwa mwezi, mtu anaingia jioni, anazungusha gurudumu, anafurahi. Nazipenda studio hizo, zimewafanya watu wengi wapende udongo. Lakini katika nyingi ya hizo mteja huacha chombo chake rafuni na wiki inayofuata hukikuta kimechomwa. Glezi zimekuja zimechanganywa tayari kwenye ndoo. Tanuri liko nyuma ya mlango uliofungwa. Mtu anaweza kufinyanga miaka kumi asijue kilichotokea kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Na hilo lina hatari yake. Wafinyanzi wa Marekani kwa vizazi walitegemea udongo wa Albany, New York, udongo wa kahawia ambao ukiupaka peke yake na kuuchoma kwa joto kali huyeyuka wenyewe ukawa glezi. Katika miaka ya 1980 uchimbaji wake ulikoma. Waliokuwa na kanuni ya ndoo tu walikwama. Waliofundishwa kwamba glezi yoyote ni mapatano kati ya silika inayofanya kioo, alumina inayokizuia kisichuruzike, na madini yanayokiyeyusha, walikaa na daftari na kalamu, wakatafuta udongo mwingine na kuurekebisha. Machimbo yatazidi kufungwa, na mapatano hayo yatahitaji kufanywa upya kila mara. Nani atayajua?

Mashine za kuchapa udongo kwa kompyuta mnazozisifu, mimi sizipingi. Nimeiona moja ikifanya kazi. Inapanga kamba ya udongo juu ya kamba, kama Ladi Kwali, bila kutembea. Lakini ikimaliza, kile chombo lazima kikauke, na lazima kichomwe. Mashine haina tanuri tumboni.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mwanafunzi wa miaka 19 yuko katika hali hiyo hasa: mkono bado haujakakamaa, woga wa kuharibu bado mdogo, muda anao. Mkimwambia aje kujifunza kuchoma akiwa na miaka 40, kwa fedha zake, baada ya kazi, wachache watakuja, na wengi wao watakuwa ni wale wenye uwezo.

Wahenga haohao walisema mfinyanzi hulia gaeni. Gae letu tumelizoea. Hatujaja kwenu kuomba sahani.

Ninachoomba ni hiki. Kabla hamjatia saini ya kufunga karakana yoyote ya udongo, nendeni siku moja mkashuhudie tanuri likifunguliwa. Msitume mwakilishi. Simameni na wanafunzi, muone nyuso zao mlango unapoachia. Mkiisha kuona, mlindeni fundi kwanza, hata kama mtapunguza magurudumu, hata kama mtapunguza nafasi. Karakana ndogo yenye fundi itakua, kubwa isiyo naye itakufa. Na pale ambapo uamuzi umeshapita, msitupe vigae vya majaribio ya glezi wala madaftari yaliyobaki kabatini. Kila kigae ni jioni ya mtu, na nyuma yake kimeandikwa joto na kipimo. Vipelekeni chuo kingine.

Kwa yule miongoni mwenu ambaye chuo chake ni hicho nisichokitaja: fundi yupo. Nilimtembelea mwezi uliopita. Daftari lake la glezi bado analo, kurasa zimekuwa ngumu kwa udongo, na kwenye ukurasa wa shaba nyekundu ameandika majina yetu sita pamoja na ile hesabu ya vyombo 11. Nilimuuliza kama angekubali kurudi. Alisema siku mbili kwa wiki angeziweza, ila kwanza angetaka kubadilisha vizibio vya mlango wa tanuri na kukagua bomba la gesi, kwa kuwa limekaa muda mrefu bila kutumika. Namba yake nitaipeleka ofisini kwenu mkiihitaji. Yale maboksi ya karatasi nitakuja kuyahamisha mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Mfinyanzi, mwanafunzi wenu wa zamani